Kiwiko kikikataa kunyooka: plasta ya wiki chache, banzi la miaka

Fundi wa kanzu anaweza kuliona jambo hili kabla ya daktari. Mtoto wa miaka mitano au sita analetwa Langoni, mjini Lamu, kupimwa nguo ya Maulidi, fundi anavuta futi kutoka begani hadi kifundo cha mkono, huku mara moja na huku mara moja, na vipimo vinakataa kulingana. "Nyoosha mkono, mwanangu." Mtoto anajibu keshanyoosha. Kumbe huo ndio mwisho wake: kiwiko kimebaki na pembe, tena mkono wenyewe ni mfupi kidogo kuliko mwenzake. Ukishona mikono ya kanzu sawasawa, upande mmoja utameza vidole.

Mtoto huyu, ukiuliza vizuri, alizaliwa na mkono uliolala. Neva tano zinazotoka shingoni kwenda mkononi, ambazo madaktari huziita C5, C6, C7, C8 na T1, zilivutwa wakati wa kuzaliwa, mara nyingi kichwa kikiwa kimeshatoka na bega limekwama nyuma ya mfupa wa kinena. Hatari hupanda mtoto akiwa mkubwa, zaidi ya kilo 4, au mama akiwa na kisukari cha mimba, au mtoto akivutwa kwa vifaa. Humpata takriban mtoto mmoja katika kila 1,000. Wengi huumia C5 na C6 tu, na wengi wao mkono huamka wenyewe ndani ya miezi michache. Hapo familia hushukuru, huacha kliniki, na ndipo kiwiko huanza kujikunja polepole bila mtu kuona. Miongoni mwa watoto ambao mkono haukupona kabisa, karibu nusu hupata kiwiko cha namna hii kwa kiwango fulani.

Nazungumzia kiwiko hicho tu. Bega lina mambo yake mengi. Na mtoto mchanga akifika miezi 3 bado hawezi kukunja kiwiko, yeye hoja yake si plasta wala banzi, yaani kifaa kigumu cha kuvaa kinachoshikilia mkono. Apelekwe mapema kwa mpasuaji anayejua neva, kwa sababu kazi ya kuunganisha neva ina msimu wake, na msimu huo hupita kabla ya mtoto kutimiza mwaka.

Kwa nini kipinde, na msuli wa kukunja ndio ulioumia?

Swali hili huwatatiza hata wauguzi. Neva za C5 na C6 ndizo zinazolisha baisepsi na brakialisi, misuli inayokunja kiwiko. Ikiwa hiyo ndiyo dhaifu, mkono ungening'inia umenyooka. Mbona unajikunja?

Jibu la zamani lilikuwa mvutano: misuli ya mbele imepata nguvu tena, trisepsi ya nyuma imebaki nyuma, basi mwenye nguvu amevuta. Lina ukweli wake lakini halitoshi, maana kuna watoto wenye trisepsi nzuri na kiwiko kimekakamaa vile vile. Majaribio ya maabara kwa vitoto vya panya yalitoa jibu lenye uzito zaidi: msuli uliokosa neva yake utotoni hushindwa kukua kwa urefu. Mfupa wa mkono unaendelea kurefuka kila mwaka, msuli unabaki nyuma. Ni sawa na mlingoti unaokua huku kamba ikiwa ile ile. Mlingoti lazima upinde.

Ukishika hilo, mambo mawili yanaeleweka. La kwanza, ukakamavu huu hutaka kurudi maadamu mtoto anakua, kwa hiyo tiba yake si ya mwezi mmoja. La pili, nguvu za mikono ya mchuaji haziongezi urefu wa msuli. Mafuta ya nazi au ya simsim na kupapasa taratibu hakuna ubaya, na bibi anayefanya hivyo asikatazwe, kwani mtoto huzoea mkono wake kuguswa. Ubaya ni pale kiwiko kinapokandamizwa kwa goti au kuvutwa ghafla "kifunguke". Kiwiko ni kiungo chenye kisirani kuliko goti. Ukikilazimisha, damu huvujia ndani, uvimbe hugeuka kovu, wakati mwingine mfupa mpya huota mahali pa nyama, na kiwiko kilichokuwa na digrii 30 huishia na 50.

Kupima

Bila kipimo hakuna tiba, kuna maoni tu. Mtoto alale chali, bega limetulia kitandani, kiganja kimeelekea juu kadiri kinavyoweza. Kipimo cha pembe kinakaa na kitovu chake juu ya nundu ya mfupa upande wa nje wa kiwiko. Mkono mmoja wa kipimo unaelekea ncha ya bega, wa pili unaelekea nundu ya kifundo upande wa dole gumba. Nyoosha taratibu mpaka kikatae, subiri pumzi tatu, soma. Sifuri ni mkono ulionyooka kabisa; 35 maana yake kimebakiza digrii 35 kufika hapo. Pima na mkono mzima pia, kwani watoto wengi hupitiliza sifuri kwa digrii chache.

Asipolala, atakudanganya bila kukusudia: atainua bega au kuinama mbele, na mkono utaonekana umenyooka. Kuna na kinyume chake, mtoto anayekimbia ufuoni na kiwiko kimekunjika kabisa, lakini akilala kinanyooka vizuri. Huyo misuli yake inavutana anapojitahidi, kiungo hakijakakamaa, na plasta haitamfaa kitu. Tofauti ya digrii 5 kati ya vipimo viwili usiisherehekee wala usiililie. Inatosha kuletwa na mkono wa mpimaji.

Muhimu kuliko namba ni jinsi kinavyokataa. Kikikataa kwa kuvutika, kama mpira, hiyo ni misuli na utando unaozunguka kiungo, na kazi ipo. Kikikataa kwa kugonga, ghafla, kama mlango uliofika kwenye mwimo, simama hapo. Piga eksirei ya kiwiko pande mbili kabla ya jambo lolote. Mstari unaopita katikati ya mfupa wa kigasha (mkono kutoka kiwiko hadi kifundo) ulio upande wa dole gumba lazima upite kwenye kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono wa juu, katika kila picha. Usipopita, kichwa cha mfupa huo wa kigasha kimehama, na kufunga plasta ya kunyoosha ni kukandamiza mfupa juu ya mfupa.

Sasa namba zenyewe. Kazi nyingi za siku, kuvaa, kula, kuandika, kupiga mswaki, hufanyika kati ya digrii 30 na 130 za kukunjika. Kwa hiyo kiwiko kilichobakiza 15 au 20 hakimzuii mtoto kitu chochote, kinawasumbua wakubwa tu. Hapo kunyoosha na banzi la usiku vinatosha. Kikipita 30 ndipo wengi huanza kuzungumza plasta za mfululizo. Na jambo moja lisisahaulike hata siku moja: kukunja ni bora kuliko kunyoosha. Mkono usionyooka sawasawa bado unamlisha mwenyewe. Usiofika mdomoni unalishwa na wengine.

Kunyoosha nyumbani kwenyewe ni rahisi. Mkono wako mmoja ushike mkono wa mtoto juu kidogo ya kiwiko, wa pili ushike kigasha juu ya kifundo, wala usivute kwa kiganja. Peleka mpaka uhisi unavutika, mtoto akiwa bado anacheka au anazungumza, kisha tulia hapo kwa nusu dakika. Fatiha moja ikisomwa bila haraka ni kiasi hicho. Mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Hii huzuia. Kiwiko kilichokwisha kukakamaa haikirudishi peke yake, na anayeambiwa "endelea na mazoezi tu" mwaka mzima huku pembe inaongezeka ana haki ya kuuliza maswali.

Plasta za mfululizo

Wazo ni dogo: kiwiko kinawekwa karibu na mwisho wa uwezo wake, kinafungwa wiki moja, misuli inazoea urefu huo, plasta inatolewa, kinapelekwa mbele kidogo, kinafungwa tena. Kila wiki huleta digrii 5 mpaka 10, za mwanzo zikiwa nyingi kuliko za mwisho. Mtoto aliyeanza na 45 atahitaji plasta nne mpaka sita kufika karibu na 15. Plasta mbili zikifuatana bila kuleta kitu, acha. Umefika.

Wafungaji wawe wawili, mmoja wa kushika, mmoja wa kuviringisha. Mtoto akae mapajani mwa mama yake. Soksi ya plasta kwanza, isiyo na mkunjo hata mmoja mbele ya kiwiko. Juu yake pamba ya kuviringisha, tabaka mbili kote, na vipande vya ziada kwenye ncha ya kiwiko, kwenye nundu ya ndani ambako neva ya kidole cha mwisho inapita juu juu, kwenye nundu ya kifundo, na kwenye kingo zote mbili. Bendeji ya plasta ya inchi 3, roli mbili au tatu, ichovywe kwenye maji ya uvuguvugu tu. Maji ya moto huifanya igande haraka, nayo plasta hutoa joto lake yenyewe inapoganda. Vyote viwili pamoja huunguza ngozi. Ianzie vidole viwili chini ya kwapa, iishie kwenye mistari ya kiganja, dole gumba na vidole vyote viwe huru.

Mshikaji asikipeleke kiwiko mpaka mwisho kabisa. Apeleke mwisho, kisha arudi digrii 5. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa tamaa ya kumaliza mapema: plasta ya kwanza iliyobana hadi mwisho humliza mtoto usiku kucha, inakatwa asubuhi, na mtoto hakubali tena kuletwa. Wakati plasta inashika, ashike kwa kiganja kizima, nyuma ya kiwiko juu na chini ya ncha, asibonyeze kwa vidole. Shimo la kidole ndani ya plasta ni kidonda wiki ijayo.

Kabla ya kuwaruhusu, bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, achia. Wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Tafuta mapigo ya kifundo kama plasta inaruhusu. Na piga picha ya vidole kwa simu kabla ya kufunga, nasisitiza. Mkono ulioumia neva mara nyingi ni mdogo, wa baridi kidogo, na hauhisi sawa na mwenzake. Ukiulinganisha na mkono mzima utaogopa bure. Ukiulinganisha na picha yake wenyewe utajua kilichobadilika. Na kwa sababu hauhisi sawa, kidonda kinaweza kuchimba kimya kimya chini ya plasta mtoto anacheza. Harufu, doa linalotokeza nje, homa isiyo na sababu, vidole vilivyovimba au kubadilika rangi, maumivu yanayopanda ukivinyoosha vidole vyenyewe, au kidole kilichokuwa kinatembea jana kimeacha leo: plasta itoke siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana kwa watoto wa visiwani naipendelea plasta ya kawaida nyeupe kuliko ile ngumu ya faibaglasi, ingawa ni nzito na inaogopa maji. Ya faibaglasi haitoki bila msumeno wa umeme. Nyeupe hutoka jikoni. Mtoto yuko Faza au Kiunga, ni usiku, hakuna boti: loweka mkono na plasta yake kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, ngoja ilainike, tafuta ncha ya bendeji, fungua kama unavyofungua kilemba. Mfungaji mwema huikunja ncha ile ya mwisho na kuichora alama ya kalamu ili mama aione. Ni njia iliyozoeleka kwa plasta za watoto wenye nyayo zilizopinda.

Wakati wa kuanza nao una hesabu zake. Kaskazi ni joto na jasho, pamba hulowa na ngozi huwasha, na mtoto hutia kijiti au rula ndani ajikune. Kusi kuna upepo wa baridi na likizo ya Agosti, lakini bahari huchafuka na safari ya kila wiki kutoka Pate ni mateso. Mimi nafikiri kusi ni bora, kama kuna jamaa mjini wa kukaa nao mwezi mzima. Hapa pwani plasta nene hukauka polepole, chukulia siku mbili, na siku hizo mkono ulale juu ya mto, sio juu ya meza ngumu. Mtoto wa chuoni anayetawadha asiloweshe plasta: sheria ina hukumu ya jabira, yaani kupangusa juu ya kilichofungwa, na ustadhi wake atamwelekeza. Mchanga wa ufuoni ukiingia ndani hautoki. Mfuko wa plastiki huzuia matone wakati wa kuoga, hauzuii mtoto kuruka gatini.

Kiwiko kikitoka plastani kitakuwa kigumu kukunja kwa siku kadhaa. Hilo ni la kawaida na hurudi kwa michezo ndani ya wiki moja au mbili. Pima kukunja pia, kabla na baada.

Banzi

Sasa tunafika mahali ambapo kazi yote hupotea. Plasta hunyoosha, lakini haishikilii. Mtoto aliyeachwa bila kitu baada ya plasta, kiwiko chake huanza kurudi kwa mwendo ule ule wa zamani, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu anasema plasta haikufaa. Banzi la usiku hufanya kinyume: halinyooshi sana, lakini linazuia kurudi. Kwa hiyo banzi liwe tayari siku ile ile plasta ya mwisho inapotoka. Sio wiki ijayo, sio fundi akirudi kutoka Mombasa.

La bei nafuu ni plasta yenyewe ya mwisho: ipasuliwe pande mbili kwa urefu, kingo zifunikwe kwa plasta ya kunata, nusu moja iwekewe pamba mpya na mikanda. Hudumu miezi michache. La plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto ni jepesi na husafishika, ila lina adui hapa kwetu: hulainika kwenye maji ya digrii 65 hadi 70 hivi, na ukilisahau juani juu ya mabati au ndani ya gari lililofungwa barabara ya Malindi, utalikuta limejikunja lenyewe kama samaki mkavu.

Banzi likae mbele ya mkono, upande wa baisepsi, kutoka vidole vitatu chini ya kwapa mpaka juu ya kifundo, na mkanda mpana nyuma ya kiwiko wenye tundu la kupisha ncha. Mkanda huo ndio unaofanya kazi. Wa juu na wa chini ni walinzi. Banzi la nyuma lenye mikanda myembamba huonekana zuri mezani, na ikifika saa nane usiku mtoto ameshachomoa mkono na kiwiko kimekunjika pembeni yake. Pembe ya banzi iwe ile anayoifikia bila kulazimishwa. Alivae usingizini, kwa muda wa saa 8 kama inawezekana, juu ya soksi ya pamba au kipande cha leso kuukuu kinachofuliwa kila siku. Asubuhi liondoke, mtoto aende zake. Alama nyekundu inayofutika ndani ya nusu saa ni sawa. Isiyofutika, mkanda uhamishwe.

Mchana ni wa trisepsi: kutambaa kwa mikono na magoti, kusukuma mkokoteni wa kuchezea, kuvuta kamba ya mtumbwi, na kuogelea. Bahari ni fizio, yaani mazoezi ya tiba, isiyodai foleni. Na kila anayempandisha mtoto botini amshike kwapani, wote wawili wajue hivyo, mama anayempa na nahodha anayempokea. Mkono huu si kamba ya kumvutia.

Sindano ya botulini, dawa ya kulegeza misuli, huchomwa kwenye misuli ya kukunja kabla ya plasta. Hushika ndani ya wiki mbili, hudumu miezi mitatu hivi, ni ghali, na huidhoofisha misuli ile ile inayompelekea mkono mdomoni. Faida yake juu ya plasta peke yake haijawa wazi kwangu kuwa inastahili bei. Upasuaji wa kulegeza kiwiko ni wa wachache wenye pembe kubwa walioshindikana kwa plasta, na afanye mtu aliyezoea watoto hawa, kwa kuwa hasara yake ni kupoteza kukunja. Lakini njia huanza karibu: idara ya fizio ya King Fahd mjini Lamu au ya hospitali ya Malindi, kisha Coast General Mombasa, na kwa upasuaji wa viungo vya watoto kuna hospitali ya CURE ya Kijabe. Uliza mapema kama bendeji na pamba zipo. Zisipokuwepo, duka la dawa huziuza, nawe utajua wiki moja inakula roli ngapi.

Banzi hubadilishwa mtoto anapokua, kila miezi sita hivi, na dalili ni rahisi: vidole vitatu chini ya kwapa vimekuwa vinne, au mkanda wa kiwiko umepanda juu ya ncha. Pima siku hiyo hiyo, andika namba na tarehe nyuma ya kadi ya kliniki. Pembe ikiongezeka digrii 10 kwa vipimo viwili vilivyochukuliwa vizuri, chunguza kwanza kama banzi linavaliwa kweli. Likiwa linavaliwa, ndipo upange plasta nyingine mbili tatu.